Maneno ya Njiani

Kwa watu wa Eliezeri, mgeni akiuliza habari haambiwi habari. Anaambiwa nzuri. Anapewa kiti, anapewa maziwa kama yapo, anaulizwa za kwao, naye hujibu kwamba ni nzuri hata kama ametoka kuzika. Mambo yenyewe husubiri. Mgeni akishaaga, mwenyeji huchukua fimbo yake akatoka naye, na huko njiani, wote wawili wakitazama mbele wala si usoni, ndipo mtu husema: mtoto haponi, shamba limeingiliwa, nina shida, ndugu yangu. Mgeni asiyesindikizwa ameondoka mikono mitupu, hata akiwa amekula akashiba.

Desturi hiyo waliivusha kutoka milima ya Kivu Kusini, Kongo, hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, pamoja na Biblia na vyombo vya maziwa. Eliezeri na jirani yake Gervais walikuwa mabingwa wake. Jioni moja walisindikizana, huyu akimrudisha yule na yule akimrudisha huyu, mpaka Nyirabizimana, mke wa Eliezeri, akasimama mlangoni na kupaza sauti.

"Baba Umuhire! Gervais anaenda kwake ao anahamia kwetu? Chakula imepoa!"

"Niko namusindikiza tu, Mama Umuhire!"

"Umusindikize mpaka Kongo basi, utusalimie bantu ya kule!"

Mwaka 2009, kijijini kwao kambini, kwenye mteremko unaotazama ziwa, palikuwa na chumba cha uzazi. Kilikuwa chumba kidogo cha matofali chenye bati juu na kitanda kimoja, na mkunga wake alikuwa Natukunda, Mnyankore mwenye kicheko kilichosikika hadi kisimani. Kabla yake, wanawake walikuwa wakipelekwa kituo kikubwa cha afya, Rugaaga, kwa baiskeli, wakiwa wameshikilia kiuno cha mwendeshaji, na mvua ikinyesha baiskeli yenyewe ilibidi isukumwe. Natukunda alikuwa amewekwa pale na serikali kwa majaribio. Kila mtu alilijua hilo. Serikali ingetazama kwanza kama chumba kinafaa, kisha imwache au imwondoe.

Nyumbani kwa Eliezeri jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Umuhire, mtoto wake wa pekee aliyebaki hai, alikuwa na mimba changa, ya kwanza. Mumewe Emery alichuuza nguo Kaberebere na wiki nzima hakuwapo. Natukunda alikuwa amemshika Umuhire tumbo akasema, "Huyu mtoto wangu. Mtasaidia kumlea tu."

Mwaka huohuo ofisi moja ya serikali mjini Mbarara iliamua kuwafundisha watumishi wake kazi ya tathmini, ili isiwe kila mara inangoja wataalamu kutoka mbali waje kuiambia kama miradi yake imefaa. Walihitaji mkalimani. Eliezeri hakusoma sana, ila alijua Kiswahili cha Kongo na lugha ya kwao, Kifaransa cha kuombea maji, na Kinyankore alichojifunza mnadani kwa kusikiliza bei za ng'ombe. Wakamchukua.

Mafunzo yalifanyika Nyamityobora, mjini humo, katika ukumbi wa kukodi juu ya duka la magodoro. Eliezeri alikaa nyuma, kofia magotini. Mwalimu alikuwa mtu mkali aliyevaa tai hata kwenye joto, lakini neno lake la kwanza lilimwingia Eliezeri moyoni. "Serikali inajua kujenga," alisema. "Haijui kugeuka nyuma ikatazama ilichojenga kimemfaa nani. Nyinyi ndio shingo yake." Eliezeri aliliona neno hilo kuwa jema. Usiku alimsimulia mkewe kama mtu anayesimulia mahubiri.

Kwa mazoezi, mwalimu alichagua chumba cha uzazi cha kijijini kwao. Aliwaeleza wote, na Eliezeri akawatafsiria akina mama wa kijiji, kwamba yale yalikuwa mazoezi tu. Majibu yangesahihishwa darasani na kuishia darasani. Hukumu ya chumba ingekuja baadaye, na tathmini yenyewe.

Miongoni mwa wanafunzi alikuwamo Kamusiime, msichana mwembamba wa ofisini, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha stendi ya mabasi lakini adabu yake ilikuwa ya nyumbani. Siku ya kwanza barabara ilikuwa tope, gari likaachwa chini sokoni, naye akapanda kwa miguu. Aliuliza maswali yake uani, akajibiwa kwamba mambo ni mazuri. Kisha akaaga, na akina mama wakamsindikiza hadi sokoni. Njiani wakamwambia mengine. Natukunda ni mmoja na hana wa kumpokea, wakasema. Akiwa likizo watu wanahangaika. Kituo kikubwa hakifikiki mvua ikinyesha. Mwaka juzi, kabla Natukunda hajaja, mwenzao alijifungulia kichakani na mtoto hakuishi. Kamusiime alisimama kila hatua chache, akaandika yote.

Darasani mwalimu alizisoma karatasi zake kwa sauti.

"Hapa wanasema kituo kikubwa wanafika bila shida. Hapa, watu walewale, wanasema mwanamke alijifungulia kichakani. Dada, ulikwenda kijiji kimoja au viwili?"

Darasa likacheka.

"Au uliwauliza mpaka wakachoka wakaanza kukutungia hadithi?"

Likacheka zaidi. Mwalimu akamwambia arudi kesho yake akahoji upya, aje na majibu yanayosimama pamoja. La sivyo asahau cheti.

Eliezeri alimkuta kwenye ngazi, uso ameugeuzia ukutani.

"Pole, binti yangu."

"Mzee, mimi naanguka," alisema. "Ofisi ilinituma mimi peke yangu, ssebo. Nikianguka hapana tuma tena mtu wa kitengo chetu."

Eliezeri hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alifikiri kwamba mwalimu, pamoja na ukali wake, huenda alikuwa na haki: watu hawawezi kusema mawili. Akafikiri pia kwamba kosa halikuwa la binti. Lilikuwa la kijiji, kilichomchanganyia mgeni maneno ya nyumbani na maneno ya njiani. Alirudi Nakivale na wazo hilo, akalitengeneza njia nzima, na jioni, baada ya maombi, akawaambia akina mama.

"Ule binti atarudia kesho. Bale bakubwa yake banamupima, na bamemuchekelea mbele ya bantu. Tumusaidie. Akiuliza, mumupatie majibu ya nyumba tu, majibu safi. Ya njiani mutaniachia miye. Nitamusindikiza, nitamwambia yote pole pole, ayaweke fasi yake."

"Atafaulu!" alisema mmoja. "Kesho tunamupatia diplome!"

Wakacheka, kwa maana walimpenda yule binti. Umuhire peke yake hakucheka.

"Papa, na kama banabeba ile ya nyumba tu?"

"Ni mazoezi, mwana wangu. Inabakia mu klasi."

Asubuhi jua lilikuwa limekausha barabara. Gari lilipanda hadi mlangoni, na ndani yake alikuwamo mwalimu mwenyewe. Hakushuka. Kamusiime alikaa kitini, akapewa maziwa, akauliza maswali yake kwa mpangilio, na akina mama wakamjibu kwa mpangilio. Chumba ni kizuri. Mkunga ni mzuri. Shida? Hakuna, mambo yako sawa. Mwishowe akamgeukia Umuhire.

"Nyabo, dada yangu, kama hiki chumba hapana, wewe weza fika kituo kubwa?"

Umuhire alimtazama baba yake. Eliezeri aliinamisha kichwa kidogo kumkubalia, kama mtu anayemtia mtoto moyo akariri zaburi.

"Tutafika tu," alisema Umuhire. "Mungu anasaidia."

Honi ikalia. Kamusiime akainuka, akawashika wote mikono. Eliezeri akaingia ndani kuchukua fimbo yake, na alipotoka mlango wa gari ulikuwa umekwisha kufungwa.

"Binti yangu, ngoja nikusindikize."

"Hapana sumbuka, mzee, gari iko! Asante sana! Sasa mimi nafaulu!"

Alitembea ubavuni mwa gari hatua chache, mkono mmoja juu ya dirisha, akitafuta pa kuanzia. Maneno ya njiani hayana mlango mmoja. Huanza na mvua, yakapita kwa ng'ombe, yakafika kwenye shida yenyewe mtu akiwa tayari. Dereva akaongeza mwendo. Eliezeri akabaki na fimbo yake katikati ya vumbi, na Nyirabizimana, aliyekuwa anatazama kutoka mlangoni, akamtania kwamba tangu azaliwe hajamwona mtu akisindikiza motokari.

Kamusiime alifaulu. Salamu zake zilimfikia Eliezeri kupitia dereva mmoja: mwambieni mzee, kazi yangu ilikuwa ya kwanza darasani.

Mvua za masika zilipokaribia, Natukunda alikuja kuaga. Hakucheka siku hiyo. Alikuwa amehamishiwa upande mwingine wa wilaya, ambako mambo yalisemekana kuwa mabaya zaidi.

"Wamesema hapa mko sawa," alisema. "Wamesema wenyewe mnaweza kufika kituo kikubwa. Nani aliwaambia hivyo?"

Nyirabizimana alimjazia maziwa.

Eliezeri alipanda gari hadi Mbarara. Kamusiime alikuwa ametumwa Kampala kwa mafunzo zaidi. Karani wa mlangoni, kijana mpole, alimweleza. Wakubwa walitaka kuona tathmini iliyofanywa na watumishi wenyewe, na kabla mwaka wa serikali haujaisha. Hapakuwa na nyingine. Wakachukua ile iliyokuwa nzuri kuliko zote za darasani.

"Lakini ilikuwa ya mazoezi," alisema Eliezeri.

"Najua, mzee. Lakini ni nyinyi wenyewe mlisema."

Alishuka ngazi akitafuta mtu wa kumlaumu. Alianza na mwalimu, akahamia kwa wakubwa, akapitia kwa karani aliyesema kweli tupu, na mwisho wa kila njia alijikuta amesimama yeye, na fimbo mkononi.

Umuhire alishikwa na uchungu mvua ikiwa ya siku nyingi. Walimtoa kwa baiskeli, Gervais akisukuma, Eliezeri akimshika mgongo, Nyirabizimana akimfunika kwa turubai. Baiskeli ilizama kwenye tope chini ya kilima cha pili. Mtoto alizaliwa pale, kandokando ya shamba la mahindi la mtu wasiyemjua. Alikuwa wa kiume. Nyirabizimana alimpulizia, akampiga mgongoni, akamwita majina yote ya ukoo ili achague mojawapo, lakini hakuchagua.

Watu husema majuto ni mjukuu. Tangu siku ile Eliezeri hakupenda kuisikia methali hiyo, na mhubiri alipoitumia kanisani alitoka nje, akajifanya kukohoa.

Umuhire alipona. Alirudi shambani, akarudi kwenye kwaya. Hakumlaumu baba yake wala kumtajia lolote. Kila asubuhi Eliezeri alipita kwake akiwa njiani kwenda machungani, akauliza habari, naye akajibu, "Muzuri, Papa." Miaka ikapita hivyo. Kulikuwa na siku ambazo Eliezeri angetoa ng'ombe wake bora ili ajibiwe jingine.

Mwaka 2014, mwanzoni mwa kiangazi, Kamusiime alirudi.

Aliingia uani kwa miguu, viatu vimejaa vumbi, akiwa na kijana wa ofisini aliyebeba mkoba. Alikuwa amenenepa kidogo, na Kiswahili chake kilikuwa kimetulia, kwa kuwa miaka yote hiyo kazi yake ilikuwa kuzunguka kambini. Sasa yeye ndiye aliyefundisha wengine tathmini.

"Gari imeharibika?" aliuliza Nyirabizimana.

"Hapana, mama. Nimeiacha sokoni."

Walipewa viti, wakapewa maziwa. Umuhire aliitwa. Alikuja taratibu, mkono kiunoni, kwa kuwa alikuwa mjamzito tena, baada ya kukawia sana. Kijana alisoma maswali yake. Mambo ya uzazi hapa yakoje? Yako sawa. Kuna shida? Tunashukuru Mungu. Kijana aliandika, akafunga kalamu, akasimama.

"Tumemaliza, madamu."

"Bado," alisema Kamusiime. "Hatujasindikizwa."

Kijana hakuelewa. Eliezeri alielewa, na fimbo aliyokuwa ameishika ikamwia nzito. Walitoka wanne, wakashika njia ya sokoni. Kamusiime alisema kuhusu mvua, kwamba mwaka huu iliwahi kukatika. Eliezeri akasema kuhusu ng'ombe, kwamba majani ni haba. Walikwenda vile kitambo, wote wakitazama mbele.

"Ile siku," alisema Umuhire, "uliniuliza kama tutafika."

"Nakumbuka."

"Nilisema tutafika. Hatukufika. Mutoto alifia mu njia, pale chini, penye mahindi."

Eliezeri hakuwa amemsikia akiyasema hayo tangu yatokee. Alisubiri litakalofuata, alilolisubiri miaka yote, kwamba baba yake ndiye aliyemkubalia kwa kichwa.

"Papa alitaka kukuambia njiani," alisema Umuhire. "Lakini hakupata njia. Motokari yenu ilikuwa mulangoni."

Kamusiime alisimama. Kijana naye akasimama, mkoba begani, akiwatazama wote.

"Mimi nilikuwa nimeshaambiwa," alisema Kamusiime. "Siku ya kwanza, hapahapa. Niliandika kwa mkono wangu. Halafu nikafuta, nipite mtihani."

Hakuna aliyemwambia kwamba si neno. Lingekuwa jibu la nyumbani, na hapo hapakuwa nyumbani. Walikwenda hadi sokoni. Gari lilikuwapo, dereva amelalia usukani. Kamusiime alimpa kijana ufunguo wa buti la gari, akamwambia aweke mkoba na kungoja. Kisha akageuka.

"Sasa mimi niwasindikize."

Wakapanda tena kilima, watatu. Kamusiime alianza kwa mbali, kwa habari za mama yake aliyekuwa akiumwa miguu, na Eliezeri akajua kwamba na mgeni pia alikuwa na neno lake la njiani. Lilikuja walipokaribia chumba cha uzazi. Mlango wake ulikuwa na kufuli lenye kutu, na mtu alikuwa ameanika maharage barazani.

"Natukunda hatarudi," alisema. "Nafasi ya hapa ilifutwa, na safari hii hawataifungua. Nitaandika yote mliyoniambia, na nitasimama mbele yao niyasome. Huenda yakasaidia kijiji kingine. Hapa, msingoje. Nisingeweza kuwaambia pale uani, mbele ya maziwa."

Nyirabizimana hakuwapo, ndiye angelia. Umuhire aliweka mkono juu ya tumbo, akatazama kufuli, kama mtu anayesoma kibao.

"Basi sitangoja," alisema. "Nitaenda Rugaaga mapema, mbele mvua haijaanguka. Kule ku kituo kubwa kuko baganga."

"Utafikia kwa nani?" aliuliza Kamusiime.

"Kwa Mukandayisenga," alisema Eliezeri. "Ni mama ya kanisa yetu, anakaa karibu na kituo. Kesho nitaenda kuongea naye."

Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho. Alilitazama likiwa mbele yake, dogo kama maharage yale barazani. Laiti mtu angewaambia mwaka ule, msingoje, wangekwenda Rugaaga. Laiti yeye angemwambia binti yule mlangoni, bila mvua na bila ng'ombe, hatutafika. Mjukuu wake angekuwa sasa ndiye anayekimbilia mbele yao, akiwafukuza kuku kwenye maharage ya watu.

"Rudini sasa," alisema Kamusiime, kama desturi inavyotaka. Wakashikana mikono, naye akashuka peke yake.

Baba na binti walishika njia ya nyumbani. Jua lilikuwa limeinamia upande wa ziwa. Eliezeri alitembea polepole ili amwachie Umuhire nafasi ya kupumua, na walipofika mahali njia inaponyooka akauliza, akitazama mbele, swali alilomuuliza kila asubuhi.

"Habari, mwana wangu?"

Safari hii Umuhire hakusema muzuri. Kwa kuwa walikuwa njiani, akamwambia mambo yenyewe.